Diploma Yangu na Mota ya Baba

Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, haikosi mzazi anayenijia, maana nimesimama kwenye majukwaa mengi, na mtoto nyuma yake, mtoto ameinamisha kichwa kana kwamba ameiba kuku. "Mama, huyu anataka kusomea maigizo na kuchora. Kule kuna pesa?" Huwa natamani kucheka, kisha kicheko kinanikwama. Swali hilo nililisikia kwanza uani kwetu Kalemie, enzi za Zaire, nikiwa nimekaa mkekani nimejifunika kitenge kipya, na watu waliouliza walitaka wapewe bei palepale.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kinshasa na diploma ya sanaa za jukwaa. Nilisoma kuigiza, kucheza, kutumia sauti, na upande mwingine kuchora mapazia na kuchonga vinyago. Kwenda kule ilikuwa treni, kisha treni nyingine, kisha boti ya mtoni, na ukifika miguu imevimba hata viatu vinakukataa. Baba yangu alilipa yote hayo kwa boti yake ya mbao. Alikuwa mchuuzi wa ziwani: anapakia unga na chumvi kwenda Mpala na vijiji vya njiani, anarudi na ndagala, dagaa wetu, wakavu. Watu wake walitoka pwani ya kaskazini, na kwao mwanamume asiye na chombo majini anahesabiwa kama mgonjwa.

Mwaka wangu wa tatu minerval, ada ya chuo, ilipanda. Baba akauza mota ya boti, nami nikaendelea kusoma.

Baada ya hapo kaka yangu, yule niliyemfuata kuzaliwa, ndiye aliyekuwa akiipeleka boti Mpala kwa makasia. Siku moja upepo uliwakuta mahali pa wazi, mbali na ufuko. Wenzake wawili waliogelea wakatoka. Boti ilionekana imepinduka. Yeye hakuonekana, siku ile wala baadaye. Mama alikataa kilio kisiwekwe. "Hawamulilie muntu mwenye iko safari," alisema, na aliyejaribu kumbishia alitimuliwa uani kwa ufagio. Kila akifua nguo za nyumba nzima, alifua na shati la kaka, akalikamua, akalikung'uta, akalianika pamoja na mengine. Niliporudi na diploma yangu nilimkuta anaendelea hivyo hivyo, na shati limepauka kwa kufuliwa bila kuvaliwa.

Nyumbani kwetu mota iliyouzwa ilizungumzwa, na kaka aliyepotea alitajwa, lakini hakuna aliyethubutu kuyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja. Tuliyapita mbali kama watu wanaokwepa shimo njiani, wanalijua lilipo hata gizani.

Kazi niliitafuta, Mungu ananijua. Nilienda kwenye biro, ofisi ya chama, maana ndiko ngoma zilikokuwa. Bwana mmoja aliyevaa abakosti, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, alisoma karatasi yangu, akafurahi sana, akaniambia nitaongoza animasio, zile nyimbo na ngoma za kumsifu mkubwa wa nchi ambazo kila mfanyakazi alizicheza asubuhi mbele ya bendera. Nikamuuliza mshahara. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake, akaniita mwananchi, kama tulivyoitwa siku zile.

"Sitwayeni, ile njo heshima. Heshima hawailipake."

Nilitoka pale mdomo wazi. Miaka yote ile nimefundishwa namna ya kusimama, ya kupumua, ya kuinua mkono hadi mtu wa kiti cha mwisho auone, kumbe nchi nzima ilikuwa ikicheza bure kila asubuhi, wanene kwa wembamba, wenye ngiri na wenye mimba. Kwenda kuuza ngoma Zaire ilikuwa sawa na kwenda kuuza maji ufukoni.

Basi nikaposwa. Alikuwa karani wa bandarini, kijana mpole mwenye kucheka kwa mabega, na nilimpenda, sioni haya kusema. Baba hakumkataa. Alisema tu neno moja, na alipolisema nilijua halirudi nyuma: mahari ni mota. Mota ya boti, nguvu ile ile ya ile iliyouzwa. Bila mota, kijana aende akaoe kwingine. Karani wa bandari na mota ya boti! Mshahara wake ulikuwa unafika umechelewa, nao ukifika unga umeshapanda bei. Ila watu wa kwao walikuwa na uwezo kidogo, na baba yake mkubwa, mtu wa reli, ndiye aliyeshika neno. Nilikaa wiki nzima roho mkononi nikisubiri waje.

Siku zile, msichana aliyesoma akiposwa, diploma yake iliwekwa mezani. Ilikuwa desturi, na kila diploma ilikuwa na uzito unaojulikana. Muuguzi, mwalimu, msichana wa kupiga mashine biro: watu walijua mbuzi wangapi, vitenge vingapi, na nini cha kuongeza. Shangazi, dada yake Baba, alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo katikati ya ua, akaiweka diploma yangu hapo, na pembeni yake sahani tupu ya kupokelea kile kitakachofungua mazungumzo. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Mama alikuwa nyuma, jikoni, na bukari, ugali wetu, na samaki mikebuka wa wageni. Mama mzazi hakai kwenye maneno ya mahari.

Baba mkubwa wa mchumba wangu aliingia na abakosti iliyombana tumbo. Aliketi, akanywa, akasifu nyumba, akasifu ziwa, akasifu hata mbwa. Kisha akaichukua diploma, akaisoma kwa sauti, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Papa," akamwambia baba yangu, "mutusamehe. Ii njo diploma ya nini?"

"Ya sanaa," Baba akajibu. "Kuigiza. Kucheza. Kuimba."

"Ile animasio?"

"Si animasio. Ni masomo."

"Lakini Papa, mimi kila asubuhi nachezaka mbele ya bendera ya reli. Na hili tumbo langu munaliona. Nani ananilipaka? Ningejua iko na diploma, ningeomba yangu."

Watu wake wakacheka. Hata wa kwetu wawili watatu walicheka, wakajifanya wanakohoa. Mimi nilikuwa nimeinama natazama mkeka, masikio yanawaka. Mchumba wangu, mabega yake hayakucheka.

"Mota," yule mzee akaendelea, sasa kwa upole, "mota ni kwa mutoto mwenye iko munganga wa ospitali. Ni kwa ule mwenye atarudisha pesa. Kwa ii, tutaleta mbuzi, tutaleta vikwembe vya kuvaa, tutashukuru. Mota hapana."

"Basi hakuna neno tena," Baba akasema, na akaanza kuinuka.

Niliona harusi yangu inaondoka na kiti cha Baba. Yule mzee akainua mkono haraka.

"Papa, muketi. Sisi hatuseme haina bei. Tunasema hatuijue. Watu hawanunue mbuzi mu gunia. Mutoto iko hapa, masomo iko ndani yake. Atuonyeshe kile alijifunza, na sisi tutapima."

Nilitegemea Baba afoke. Nilitegemea Shangazi amrushie kandambili. Muuguzi huambiwa adunge mtu sindano mbele ya wakwe ndipo aolewe? Lakini Baba alirudi kitini, akatazama ile diploma, kisha akanitazama mimi, na machoni mwake nikaona jambo lililonishtua kuliko ombi lenyewe: na yeye alikuwa anataka kuona. Alikuwa amelipa miaka yote na hajawahi kuona alicholipia.

"Simama, Mama," akaniambia. Alipenda kuniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga chochote. Kucheza mbele ya wale watu nisingeweza, wangeona animasio tu. Nikafungua kitenge cha juu, nikakishika mbele yangu, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimechuchumaa kwenye beseni lisilokuwapo, nafua shati.

Nilikuwa nimemwona Mama akifua shati lile tangu niliporudi. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa kuweka vitu, ukavitoa vyote. Jinsi anavyosugua kola zaidi ya mahali pengine. Jinsi anavyokamua kwa kugeuza uso pembeni. Jinsi anavyokung'uta mara mbili, halafu anasimama nalo kidogo, amelishika mabegani, kama anayempima mtu kimo. Shangazi aliweka mkono mdomoni. Nikamfanya mama yule aliyeko mikononi mwangu alisogeze shati usoni, alinuse, asipate kitu ila sabuni. Kisha nikamfanya alie.

Mama yangu hakuwahi kulia. Kilio kile nilikitoa mwenyewe, kutoka chini ya kitovu, mahali walipotufundisha kutolea sauti ili ifike kiti cha mwisho bila mashine. Sasa, jukwaa la Kinshasa lina kuta. Uani kwetu palikuwa na uzio wa matete tu. Kiti cha mwisho kilikuwa mtaa mzima.

Baba mkubwa wa mchumba alikuwa anatokwa na machozi, naye anatafuta leso katika mfuko wa abakosti bila kuipata. Nilimwona na nikajua, kwa furaha mbaya ya msanii, kwamba nimemshika. Ndipo lango likasukumwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu muuza sombe, yale majani ya muhogo, mikono kichwani, analia tayari. Nyuma yake mwingine na mzigo wa kuni. Nyuma yake wanaume wawili wamebeba mkeka, na mtoto na ndoo ya maji. Kwetu kilio kikisikika hakuna anayeuliza kwanza. Unachukua kilichopo ndani mwako unakimbia, maswali baadaye. Walitukuta kimya, macho mekundu, na katikati ya ua meza yenye kitambaa cheupe na diploma juu yake, kama wanavyowekewa wafu waliosoma.

"Yee Mungu!" muuza sombe akapiga yowe. "Mutoto wa Kinshasa! Mutoto wa Kinshasa ametuacha!"

Akajitupa chini mbele ya diploma yangu, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa na kuziweka kwenye sahani, ile sahani ya mahari. Wengine wakamfuata. Noti, sarafu, kikombe cha unga. Nilisimama na kitenge mkononi nikitazama watu wakinilipia kilio changu mwenyewe, mpaka muuza sombe alipoinua kichwa, akaniona, akapiga yowe la pili lililozidi la kwanza.

"Hakuna muntu amekufa!" Baba alipaza sauti. "Mutulie! Hakuna muntu! Mutoto alikuwa anatuonyesha masomo yake."

Mwenye kuni hakuziweka chini. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye hata Baba alimwogopa, alisogea mbele.

"Mulilie kilio ya mchezo? Siku ya Bwana? Munaita kifo aje aone njia ya mulango wenu?"

"Mama, tusamehe. Tutarudisha kila muntu kitu chake," Baba akamwambia.

"Kitu ya kilio hairudie!" Bibi akapiga fimbo chini. "Mukiirudisha kwangu, munanirudishia na kifo. Iko mu sahani. Mutafute maiti yenu."

Watu wakanong'ona wakikubali. Yule mzee wa abakosti aliangalia lango, nikaona anapima umbali. Mwanamke gani huyu, nililiona swali usoni pake, anayeleta msiba nyumbani kabla hata hajaolewa? Nikajua yamekwisha. Mota haipo, harusi haipo, na mtaa mzima utanikumbuka kwa hili mpaka nizeeke.

"Maiti iko."

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mwiko mkononi, unga wa bukari ukikauka juu yake. Sijui alikuwa pale tangu lini. Najua tu kwamba hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiangalia kitenge nilichokishika, mabegani, jinsi anavyolishika shati.

Aliweka mwiko juu ya jiwe. Akaenda kwenye kamba, akaliteremsha shati la kaka, akaja nalo mpaka katikati ya ua, akaketi chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani. Akamtazama Baba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini mshindo wenyewe ulikuja kwa sauti ndogo sana.

"Papa. Uliuzisha mota, na mutoto akaenda Mpala na kasia. Sema mbele ya watu. Sema ile diploma tuliinunua na nini."

Ile sentensi tuliyoikwepa wote, imesemwa, mchana, mbele ya wakwe na wauza sombe. Baba alivua kofia yake, akaishika, akaiachia ikaanguka. Kisha akaketi chini, kando ya Mama, mzee mzima, kwenye vumbi lile lile.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli, Mama. Njo vile."

Hapo Mama akalia. Wanangu, mimi nimesomeshwa kulia. Nina karatasi inayosema ninajua kulia. Sauti ile ya Mama sikuijua, haikutoka mahali popote nilipofundishwa, na sikuweza kuisikiliza nikiwa nimesimama. Nilipiga magoti nikamshika. Wanawake wote walimiminika juu yetu. Bibi wa nyumba ya tatu ndiye aliyetandika mkeka.

Kilio cha kaka kiliwekwa siku ile, kwa kuni zilizokwisha kufika na unga ulioko kwenye sahani. Chakula cha mahari kililiwa na waombolezaji. Wakwe hawakutoka. Nilidhani wangekimbia, lakini yule mzee alivua koti la abakosti, akalitundika kwenye mti, akaenda kupasua kuni na fulana yake, tumbo nje. Mchumba wangu alichota maji. Tulilala nje mpaka kilio kilipoondolewa, na Mama akalikunja lile shati akalitia ndani ya sanduku. Hakulifua tena.

Wiki iliyofuata nilipata mwito wangu wa kwanza wa kazi. Mwanamke kutoka upande wa mto Lukuga alikuja, akaketi kwa adabu, akamwambia Shangazi kwamba kwao wamefiwa na mkwe ambaye hakupendwa, na kilio kimepooza, watu wanaona haya. Wangeomba yule mtoto mwenye diploma ya kulia aje awasaidie, na watamlipa vizuri. Shangazi alimfukuza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nakiri kwamba kabla ya kuudhika nilijiuliza vizuri ni kiasi gani.

Wakwe walirudi kumaliza maneno yao. Safari hii hakukuwa na kicheko. Meza ilikuwa tupu. Diploma hakuna aliyediriki kuileta. Baba mkubwa wa mchumba alisimama, jambo ambalo si lazima, akasema amezungumza na ndugu zake wote, na amewaeleza alichokiona kwa macho yake, na hawana ubishi. Walikuwa wamekosea kupima. Wataungana, watauza wanachoweza kuuza, na kabla ya mvua mota italetwa.

Nilishtuka kwa furaha, nikamtazama Baba. Alikuwa amefunika macho kwa kiganja. Kabla hajaondoa mkono, Mama alitoka jikoni. Hakuomba ruhusa.

"Mota hapana," akasema. "Mutaleta mbuzi na vikwembe, sawa kwa mutoto wa kila muntu."

"Lakini Mama," yule mzee akasema, amechanganyikiwa, "ile diploma tumeiona. Iko na bei."

"Iko nayo," Mama akajibu. "Ilikwisha kulipwa."

Akarudi jikoni. Baba akasema walete mbuzi.